Togwa ya Dada, Togwa ya Nakonde

Mkono wa kushoto wa dada yangu ulivunjwa Tunduma, jua likizama, katika mwezi wa Ramadhani, na aliyeuvunja alikuwa mtu tuliyempenda. Chanzo kilikuwa togwa. Nimewasikia watu wakikisimulia kisa hicho kama cha mlevi aliyefanya fujo mpakani. Haikuwa hivyo, au haikuwa hivyo tu. Dada hayupo tena, na mimi ndiye niliyekuwa pale, kwa hiyo nitaeleza nilivyoona.

Sisi ni Wanyiha wa Isansa. Baba alikuwa na shamba la kahawa na alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa letu lilikataza pombe, togwa halikuikataza. Mama alipika uji wa mahindi, akauacha upoe mpaka mtu aweze kutia kidole bila kuungua, halafu akamimina kimea cha ulezi na kukoroga. Uji ule mzito ulilegea ukawa mwepesi, na kesho yake ulikuwa mtamu kana kwamba umetiwa sukari. Tuliubeba kwenda kuchuma kahawa. Watoto walikunywa, wazee walikunywa, mchungaji akija alikunywa.

Lakini kwa baba, togwa ilikuwa togwa ikiwa bado changa. Ikipitiliza kidogo, ikaanza kupanda povu, haikuwa togwa tena, ilikuwa pombe iliyojificha ndani ya nyumba ya mzee wa kanisa. Kabla ya chakula cha jioni aliinamia mtungi na kunusa. Akisikia uchachu, aliubeba nje akaumwaga, akarudi, akavua koti, akalitundika kwenye msumari, ndipo akavua mkanda akampiga mama. Hakupiga kwa pupa. Alipiga kama mtu anayefanya kazi aliyotumwa. Mama alikuwa akisema maneno yale yale, "Ni joto, baba. Ni joto tu." Dada na mimi tulijifunza kunusa mtungi kabla yake, na kuumwaga kabla yake.

Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa, baba alikataa kuiacha kahawa yake. Mgambo walikuja asubuhi, wakaezua paa sisi tukiwa ndani. Mmoja wao alimpiga baba kitako cha bunduki kifuani mbele yetu wote, baba akakaa chini kwenye matope na koti lake. Hakupona kifua kile. Mvua zilizofuata zilimkuta kaburini. Mama alikwenda kwa kaka zake, na mimi, nikiwa msichana mkubwa asiye na mchumba, nikapanda gari kwenda Tunduma kwa dada.

Dada alikuwa mjane. Mume wake aliangukiwa na mwamba wakati wa kujenga reli, na watu waliomletea habari walimletea pia kofia yake na kiatu kimoja. Dada hakurudi nyumbani. Alijenga kibanda cha matofali mabichi karibu na mahali malori yalipokuwa yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, akaanza kuuza kitu alichokijua, togwa ya mama.

Madereva walikuwa watu wa kila upande, wa Tanga, wa Songea, wa Iringa, wa Pwani. Wengi walikuwa Waislamu, na wafanyabiashara wa nguo pale mjini pia. Pombe hawakugusa, kwa hiyo togwa ya dada ilikuwa mkombozi wao. Walijua kwamba dada hauzi iliyochacha. Ikianza tu kupanda povu aliimwaga nyuma ya nyumba, na mimi nilimwona akitazama nyuma yake kila alipomwaga, ingawa baba alikuwa amekwisha kufa.

Jirani yetu wa biashara alikuwa mama mmoja kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Siku hizo mpaka ulikuwa kizuizi cha mti na askari aliyechoka, na mtu wa miguu alipita pembeni. Mama huyu alikuja kila asubuhi na mtungi kichwani, akiongea Kibemba na wachuuzi, Kinamwanga na wenyeji, na sisi akituongelesha Kiswahili chake kilichopinda kidogo. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka mbali. Yeye aliuza munkoyo. Nayo ni uji wa mahindi, ila badala ya kimea wanatia mizizi ya porini iliyopondwa mpaka ikawa kama kamba. Ikiwa ya jana, ni tamu na watoto wanakunywa. Ikikaa siku kadhaa kwenye kibuyu kisichooshwa, inamlaza mtu mzima. Kwao zote mbili ni munkoyo.

Wateja wetu hawakuwa na habari na mizizi. Waliona kitu cheupe, kizito kidogo, kwenye mtungi, wakaita togwa. Naye, ili auze, akaita togwa. Dada alimwambia mara nyingi, "Mama, ile ya siku nyingi uiite pombe, watu wajue."

"Pombe ni ile ya ulezi, ya kunyonya kwa mrija," alijibu. "Hii ni munkoyo. Mtoto wako akikua, wewe unambadilisha jina?"

Dada alicheka, nami nilicheka. Hatukuona kwamba ni jambo la kugombania.

Yule dereva alikuwa Mluguru wa Morogoro. Mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo ilishika kata ya togwa kama ameshika yai. Alitandika mkeka wake kando ya lori akaswali bila kujali vumbi. Akitoka kwao alimletea dada machungwa, na dada alimwekea togwa pembeni hata kama hajui atafika lini. Kwao pia wanapika togwa, na alisema ya dada ndiyo inayomkumbusha nyumbani. Nilitamani amwoe. Alikuwa na mke Morogoro, hilo tulilijua, lakini nilitamani hivyo hivyo.

Siku ile alichelewa. Tairi lilipasuka njiani na alifika jua likiwa mlimani, midomo imekauka kwa kufunga na vumbi. Dada alikuwa amewauzia madereva wengine mtungi wote kwa ajili ya kufuturu.

"Dada, nipatie togwa nifungulie."

"Imekwisha, kaka. Nilidhani huji leo. Ngoja nikupashie uji."

Dada aliingia ndani kuchochea moto. Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda nikiosha vibuyu. Nilimsikia dereva akimgeukia jirani yetu.

"Mama, na wewe una togwa?"

"Iko, mukwai," alijibu kwa neno lao la heshima.

"Ni togwa kweli?"

"Togwa ya kwetu. Hii nzuri sana, imekaa."

Kwake yeye, imekaa ilikuwa sifa. Ndivyo wanavyosema kwao kitu kikikomaa. Dereva aliichukua, nadhani, kwamba imetulia, imepoa. Nilitupa kibuyu nikazunguka mbele nikisema, "Kaka, hiyo siyo," lakini alikuwa amekwisha kusema bismillahi na kuinua kata. Alikunywa yote bila kupumua. Akaomba nyingine, nikamshika mkono, akanitoa taratibu. "Ina uchachu kidogo," alimwambia yule mama. "Na ya kwetu huwa hivyo." Akanywa ya pili, na ya tatu.

Madereva wawili wenzake walikuwa wamekaa karibu wakila tende. Mmoja wao alimwona akiyumba alipoinuka. Alikuja akachukua kata, akainusa, akaanza kucheka. Akawaita wengine. "Njooni muone. Ustadhi wetu kafuturu kwa pombe."

Walicheka wote. Wapita njia nao walisimama wakacheka bila kujua wanacheka nini. Nilimtazama usoni yule mtu mpole, na sikumwona tena.

"Mama," alisema polepole, "umeninywesha nini?"

"Togwa."

"Nimekuuliza, umeninywesha nini?"

"Munkoyo, mukwai. Togwa. Wewe umeomba togwa."

Aliupiga teke mtungi. Ulipasuka, munkoyo ikamwagika kwenye nguo za yule mama. Mama naye hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alisimama akamkamata shati kifuani, akamwita jina la mnyama kwa Kibemba. Dereva alimpiga kata usoni. Kata ya kibuyu ilipasuka shavuni pake na ncha yake ikachana nyama. Kisha akaenda mpaka kwenye lori akarudi na spana ya kufungulia magurudumu, chuma kirefu. Wenzake waliokuwa wakicheka walirudi nyuma. Hakuna aliyemshika.

Alianza na mitungi. Aliivunja mingine ya yule mama, akavunja na ya dada iliyokuwa mitupu, mmoja mmoja, akipumua kwa sauti. Ilipokwisha alimgeukia yule mama. Alimpiga begani akaanguka magoti. Akampiga mgongoni. Nilikuwa napiga kelele, na kelele zangu nilizisikia kama za mtu mwingine. Aliinua chuma tena juu ya kichwa chake, na hapo dada akatoka ndani, akaruka katikati, akainua mkono wa kushoto.

Nimesikia kuni nyingi zikivunjika tangu siku ile na kila mara nasimama kidogo.

"Dada," dereva alisema. Alikitazama chuma kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyekiweka mkononi mwake. Akakiangusha.

Lakini habari zilikuwa zimevuka mpaka. Walikuja vijana wa Nakonde, na vijana wa Tunduma wenye ndugu Nakonde, kwa sababu Mnamwanga ni Mnamwanga pande zote mbili. Walikuja na mawe na magongo. Madereva walikimbia kila mtu kwake. Jiwe la kwanza lilimpata yule dereva sikioni, la pili kwenye mbavu. Alikimbilia mlango pekee uliokuwa wazi, na ulikuwa mlango wetu.

Dada alikuwa amekwisha kujikokota ndani. Alikaa kitandani, mkono umening'inia vibaya, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Funga mlango," aliniambia.

"Kwa ajili ya huyu?"

"Funga. Hafii nyumbani kwangu."

Nikafunga, nikaweka gogo, nikachukua mchi wa kutwangia. Dereva alikuwa amejikunja kwenye kona penye gunia la ulezi akitapika. Mlango ulipigwa mpaka udongo ukadondoka kutoka ukutani. Kijana mmoja aliingiza mikono dirishani kutaka kujivuta ndani, nikampiga mchi kwenye vidole. Alilia, akatoka. Akaja mwingine, nikampiga naye. Sikuwa na hofu. Nilikuwa na kitu kingine ambacho sijui jina lake, kilichoanza siku ya mgambo na hakikuwa kimepata pa kutokea.

Kisha nikasikia sauti ya yule mama, karibu kabisa na mlango.

"Fungua, mwanangu. Niingie mimi peke yangu."

Nilimtazama dada. Akatikisa kichwa kukubali. Niliondoa gogo, mama akaingia akaurudisha mlango kwa mgongo wake. Shavu lilikuwa limefunguka, jicho moja limefumba, damu imeshuka mpaka kwenye maziwa. Alinyoosha mkono nikampa mchi. 

Alikwenda mpaka kwenye kona. "Niangalie," alimwambia. Dereva aliinua uso. Mama akampiga mdomoni. Taya lilikwenda upande na meno yakatoka na damu kwenye ulezi wetu. Akampiga tena, begani, pale pale alipopigwa yeye. Dereva hakujikinga. Akainua mara ya tatu, akashusha bila kupiga. Alinirudishia mchi, akamshika dada kichwa kwa mikono yake miwili kama mtu anayemtazama mtoto mwenye homa, akatoka nje.

Tulimsikia akisema na lile kundi, kwanza kwa Kibemba, halafu kwa Kinamwanga, halafu kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Alikuwa wangu. Nimemaliza naye. Nendeni."

Kundi lililokuja kuua haliendi kulala tu. Walihamia kwenye lori. Lilikuwa limebeba sabuni za mche, na wakati ule sabuni ilikuwa haionekani madukani. Walishusha kwanza katoni zote walizoweza kubeba, ndipo wakalichoma. Mafundi wa magari waliojaribu kuzima kwa maji walisimama kwenye povu mpaka magotini. Wiki zilizofuata mji mzima ulivaa nguo safi, na polisi walipopita nyumba kwa nyumba kutafuta sabuni, watu walikuwa wamezifukia kwenye mahindi.

Dereva alipelekwa hospitali, taya likafungwa kwa waya, halafu mahabusu. Kabla ya kupelekwa mahakamani Mbeya, balozi wetu wa nyumba kumi, fundi seremala Mndali, aliitisha kikao kwenye uwanja wa shule ili watu wasiendelee kuviziana. Maana tayari kijana mmoja wa Tanga alikuwa amechomwa kisu sokoni kwa sababu tu anasali kama yule dereva, na mwanamke mwingine muuza munkoyo alikuwa amemwagiwa mtungi wake kichwani.

Balozi aliuliza swali aliloliona jepesi. Togwa ni nini?

Dada alieleza ya kwetu Isansa, na mkono wake ukiwa kwenye vijiti. Mama wa Nakonde, uzi ukiwa bado shavuni, alieleza yake, akasema hajamdanganya mtu. Fundi mmoja wa Iringa akasimama. Alisema kwao wanakinga maji ya mianzi, na yakiwa mapya yanaitwa ulanzi mtogwa, matamu, hata mtoto anapewa, na yakikaa ni ulanzi ule ule lakini mtu anaanguka njiani. Askari aliyekuja kulinda amani, mtu wa Kilimanjaro, akaingilia na mbege ya ndizi, namna inavyokuwa changa na namna inavyokuwa kubwa. Mzee mmoja muuza nguo kutoka Pwani akasema kwao kuna tembo tamu na tembo kali, yote ya mnazi mmoja, na mtu mwenye dini yake anauliza kwanza ni lipi kati ya hayo. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba neno la kweli ni la kwao. Sauti zilipanda. Mmoja wa wale madereva waliocheka akasema wanawake wa mpakani wanatia dawa makusudi ili waibe mizigo. Kaka wa mama wa Nakonde alimtupia kigoda kikampasua paji la uso, na kikao kikaisha kwa watu kukimbizana uwanjani, askari akipiga filimbi.

Baadaye balozi alipita mwenyewe akaagiza kila muuzaji atenge mitungi miwili na aseme wazi, tamu au kali. Tulifanya hivyo. Mama wa Nakonde alikubali kusema kali, ingawa alilitamka kama mtu anayemtukana mtoto wake.

Mkono wa dada uliunga vibaya. Hakuweza kukoroga tena, nikawa nakoroga mimi, naye akinusa.

Kiangazi kilichofuata alikuja mwanamke mwembamba mwenye kanga ya bluu, akauliza kwa adabu nyumba ya dada wa togwa. Alikuwa mke wa dereva, kutoka Morogoro. Mume wake alikuwa amebakiza muda mfupi gerezani Mbeya. Alisema anataka kumwona mama ambaye mume wake alimpiga.

Nilimfuata mama wa Nakonde nikiwa na wasiwasi, na dada aliuweka mchi karibu. Wale wawili walikaa juu ya mkeka wetu wakitazamana. Mgeni aliomba aoneshwe kile kinywaji. Mama akamletea ya kali. Hakunywa, aliinusa tu, akairudisha.

"Harufu hii sijapata kuisikia kwake. Amesema uongo basi," alisema. "Ameniandikia kwamba pombe ndiyo iliyompiga yule mama."

"Na kwani siyo?" dada aliuliza.

Mgeni alisogeza kanga kutoka kichwani. Juu ya sikio palikuwa na kovu refu, nywele hazijaota. Akakunja mkono wa blauzi, na kiwiko chake kilikuwa kimepinda kama cha dada.

"Nyumbani kwangu hakijaingia kinywaji hata siku moja," alisema.

Mama wa Nakonde alimshika kile kiwiko, akakigeuza huku na huku. Dada alitoka nje. Nilipomfuata alikuwa amesimama anatazama barabara, na machungwa yale yote aliyowahi kuletewa nadhani alikuwa akiyakumbuka moja moja. Mgeni alilala kwetu, akatuambia anahamia kwa ndugu zake, na asubuhi alipanda basi kurudi kwao. Hakuteremka Mbeya kumwona mumewe gerezani, maana mwenye basi alituambia baadaye kwamba alimfikisha moja kwa moja Morogoro.

Dereva alitoka, akaja. Alikuwa amekonda, taya limekwenda upande, maneno yanatoka kwa shida. Alisimama mbali kidogo na mlango.

"Mke wangu alipita hapa?"

"Alipita," dada alisema.

"Alisema nini?"

"Alisema anahamia kwa ndugu zake."

Aliendelea kusimama, mikono ile mikubwa imening'inia, kama anayengojea aambiwe akae. Mama wa Nakonde alikuwa anakuja kutoka mpakani na mzigo kichwani. Alimwona. Aliutua mzigo kando ya barabara, akainama, akaokota jiwe. Hakulitupa. Alilishika tu, akamtazama. Dereva aliinamisha kichwa, akageuka, akaelekea kule malori yalikokuwa, na hatukumwona tena Tunduma.

Mama alilishika jiwe mpaka alipopotea kabisa. Kisha akalitupa mtaroni, akajitwika mzigo wake, akaniuliza kama mahindi ya Msangano yamefika sokoni.